Waya Mgumu, Daktari?

Tarehe 4 Machi

Mama Waya, shikamoo.

Usiichane kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo uichane. Namba yangu umeifungia, na fundi wetu wa picha za mionzi niliyemtuma kwako amerudi akisema ulimfungia mlango puani. Sasa nimebaki na kalamu, kama bwana anayeposa.

Habari za huko kwa dada yako? Nasikia unasaidia zahanati ya mtaani, unapima watoto uzito. Wana bahati watoto hao. Huku chumba cha mishipa kiko vilevile. Kiyoyozi kinavuja palepale, na makoti ya kuzuia mionzi bado yanatuvunja migongo. Kiti chako cha kukunja kipo nyuma ya kabati, hakuna anayekikalia. Wauguzi wapya wanapanga nyaya za kupitisha kwenye mishipa ya moyo kwa rangi ya boksi. Kwa rangi, Mama! Ungecheka mpaka ushike mbavu.

Nina mgonjwa. Mwanamke, miaka sitini na nane. Mshipa wa mbele wa moyo umeziba robo tatu, na palepale palipoziba linatoka tawi kubwa, limepinda kama kiwiko. Nikiweka stenti kwenye mshipa mkubwa, ule wavu wa chuma utaufunika mlango wa tawi, na tawi hilo ndilo linalolisha sehemu kubwa ya ukuta wa moyo. Kupasuliwa kifua hawezi, mapafu yake hayatamudu. Wewe ulisimama na Mzee, aliyetufunza sote, alipokuwa akifanya hizi za matawi. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa kushika taulo. Mzee ametangulia mbele ya haki, na daftari lake hakuna ajuaye liliko.

Niandikie alivyokuwa akifanya, hatua kwa hatua. Nakuomba kama mwanao.

Daktari wako


Tarehe 11 Machi

Daktari,

Marahaba. Nimesoma mpaka mwisho na sijaichana. Nataka niitunze barua hii. Daktari aliyeandika kwamba mimi sijui kutofautisha waya mgumu na laini, leo ananiomba nimfundishe nyaya. Dunia hii ina vituko, kweli.

Umeandika ukurasa mzima hujagusa neno "mwalimu". Basi niliguse mimi. Miezi kumi na minne iliyopita alilala mezani kwetu mwalimu mstaafu, mtu mpole, alikuwa anatutania kwamba baridi ya chumba kile ingemuua kabla ya moyo. Mshipa wake ulikuwa umeziba kabisa. Ulihangaika na waya laini robo saa, ukachoka. Ukasema, "Nipe mgumu." Nikakwambia, "Bado, Daktari, laini haujashindwa." Ukasema tena. Nikarudia kwa sauti, kama ilivyo desturi ya chumba kile tangu enzi za Mzee, kwamba muuguzi hatoi waya mpaka autaje na daktari aitike. Nikasema, "Waya mgumu, Daktari?" Ukaitika, "Mgumu." Nikakupa. Dakika nne baadaye mshipa ulikuwa umetoboka na damu imejaa kwenye mfuko wa moyo, na mwalimu hakututania tena.

Kwenye ripoti ukaandika: "Muuguzi alitoa waya mgumu bila kuagizwa." Fundi wa picha, aliyekuwa nyuma ya kioo, akasema hakusikia. Aliyesikia vizuri ni mwalimu mwenyewe, maana wagonjwa wetu huwa macho, na yeye ndiye tuliyemzika.

Mjane wake alinisubiri getini siku ile ninasimamishwa kazi. Alinitemea mate hapa, kwenye kola ya sare. Akaniita muuaji, na watu wanapita. Ningemwambia nini, kwamba ripoti ya daktari ni ya uongo? Nani angeniamini?

Baraza la Wauguzi linakaa tarehe 20 Mei. Ripoti yako ikibaki ilivyo, leseni yangu inafutwa, na miaka kumi na tisa inakwenda na maji. Sahihisha mstari mmoja tu. Ukishausahihisha, njoo nikufundishe unachotaka.

Muuguzi uliyemsimamisha kazi


Tarehe 17 Machi

Mama Waya,

Nimekusikia. Una haki ya kukasirika. Ila yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Siku ile ilikuwa ngumu kwetu sote, kila mtu alikuwa amechoka, na kumbukumbu za watu waliochoka hazilingani. Hilo tutalizungumza tukikaa ana kwa ana, si kwenye karatasi.

Huyu mgonjwa hana muda. Wiki iliyopita maumivu yalimshika akiwa amekaa tu, hajanyanyua hata kikombe. Nikamwambia alazwe, akagoma. Ati hawezi kulala hospitali na sare za wanafunzi hazijatiwa vifungo, shule inafungua Jumatatu, watoto wa watu wataenda uchi? Nimembembeleza hadi nimechoka. Mkaidi huyu mama, sijui nimwambie nini.

Nimeiangalia picha yake mara arobaini. Naota ule mpindo. Kila nikilala naona waya unaingia pasipo njia. Nisaidie, tafadhali. Usimwadhibu mgonjwa kwa ajili yangu.

Daktari


Tarehe 24 Machi

Daktari,

Sare za shule. Vifungo. Miaka sitini na nane, mkaidi. Ama kweli wewe! Ni mama yako.

Kwa nini hukusema? Ulidhani nikijua nitakataa? Mama yako alinipima kwa futi yake mwenyewe nilipopandishwa cheo, akanishonea sare mbili nyeupe. Nilipomtajia malipo akanikemea: "Wewe unamlea mwanangu huko kazini, mimi nikutoze?" Mwaka mzima alikuwa akija na chupa ya chai mlangoni kwetu, anauliza, "Mwanangu amekula?" Na wewe ukanificha kwamba ni yeye. Umenijua miaka yote hiyo, hukunijua kabisa.

Ningekuwa na jina la daktari mwingine ningekwambia usiguse damu yako mwenyewe. Najua hayupo. Basi sikiliza, na usisome kwa haraka kama unavyosoma kila kitu.

Mimi si daktari. Mimi ni mtu aliyesimama kushoto kwa madaktari kumi na mmoja na kuangalia mikono yao. Mzee alianza na njia iliyo ngumu. Wewe utaanza na tawi, wakati mikono haijachoka. Ukunje ncha ya waya, mkunjo mpana kuliko unaouzoea, kwa sababu tawi limegeuka ghafla na mkunjo mdogo utaupita mlango. Tumia laini, ule wa kawaida, usio na ngozi ya plastiki, maana wenye plastiki ukibanwa unachunika humo ndani. Waya hausukumwi, Daktari. Unazungushwa kwa vidole viwili, huku na huku, unatafuta. Angalia ncha kwenye skrini. Ikiwa inacheza, uko njiani. Ikiacha kucheza, umeingia ndani ya ukuta wa mshipa, rudi nyuma hata kama moyo unakwambia ongeza.

Ukishafika kwenye tawi, waya huo uwekewe taulo lenye maji juu yake, pale mezani, ili mtu asichanganye upi ni upi. Hilo Mzee hakuliacha hata siku moja, na hilo ndilo taulo ulilokuwa ukilishika ukidhani ni la kufutia. Wa pili upeleke kwenye mshipa mkubwa, na huo usiuzungushe zaidi ya nusu duara, la sivyo nyaya zitasokotana na hutazitenganisha. Stenti ikigoma kupita kwenye mpindo, usiisukume. Ongeza waya mwingine kando ya wa mshipa mkubwa, uwe reli yake.

Fungua stenti. Waya wa tawi utabanwa kati ya wavu na ukuta. Ndivyo inavyotakiwa, unalinda mlango wa tawi. Usiuondoe kwanza. Pitisha mwingine kwenye tundu la wavu mpaka ndani ya tawi, halafu ndipo uutoe uliobanwa. Sasa hapa ndipo watu wanapouana. Ukivuta waya uliobanwa, ule mrija mkubwa zinamopita nyaya unavutwa ndani, unaruka kwenye mdomo wa mshipa na kuuchana. Kwa hiyo mkono mmoja unavuta waya polepole, mkono mwingine unaurudisha mrija nyuma. Polepole hadi uone aibu. Mzee alikuwa anahesabu mpaka ishirini.

Na urudishe desturi. Nasikia mmeiacha tangu niondoke, ati inapoteza muda. Muuguzi autaje waya, nawe uitike, kila mara.

Hili sikupi kwa kubadilishana na kitu. Mama wa mtu hauzwi. Lakini Baraza linakaa tarehe 20 Mei, na wewe unajua ulichofanya.

Mpe mama salamu. Usimwambie nimelia.

Mama Waya


Tarehe 2 Aprili

Mama Waya,

Nimeisoma barua yako mbele ya picha yake, nikifuata kwa kidole. Mungu akuweke.

Atalala mezani tarehe 9. Vifungo vimeisha, sare zimechukuliwa, hana kisingizio tena. Jana alinishika mkono akaniambia, "Usitetemeke, mwanangu. Uzi ukikwama hauvutwi." Nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi za dharura mpaka nikatulia.

Haki ya Mungu nakuahidi: mama akitoka salama, siku hiyohiyo nitaliandikia Baraza unachotaka nikiandike. Siku hiyohiyo, kabla sijavua viatu.

Mwanao


Tarehe 28 Aprili

Daktari,

Wiki tatu kasoro. Kila mtu wa posta akipita napiga mbio mlangoni, dada yangu anauliza kama nimepata mchumba uzeeni.

Mama yuko hai? Niambie hilo tu kwanza. Nimempigia mtu wa mapokezi, akasema habari za wagonjwa hazitolewi kwa watu wa nje. Watu wa nje! Mlango ule niliufungua asubuhi miaka kumi na tisa.

Na Baraza umeliandikia? Nimepigia ofisi yao Ijumaa. Karani amesema kwenye faili langu kuna ripoti moja tu, ileile. Labda barua yako imechelewa njiani. Nataka niamini hivyo.

Zimebaki siku ishirini na mbili.

Mama Waya


Tarehe 6 Mei

Mama Waya mpendwa,

Nisamehe ukimya. Mama yuko hai, yuko salama, yuko kwangu anagombana na msichana wa kazi kuhusu namna ya kupiga pasi. Kazi ilikwenda vizuri mno. Nyaya tatu, stenti moja, tawi liko wazi kabisa. Nilipotoa waya uliobanwa nilihesabu mpaka ishirini na tano. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya kioo. Alipotoka akanikumbatia mbele ya watu.

Sasa lile jambo lako. Naomba unisikilize kama mtu mzima. Wiki iliyopita nimeteuliwa mkuu wa idara. Nikisema leo kwamba ripoti ile ilikuwa na dosari, watafungua kila faili nililowahi kusaini, na chumba kitafungwa kwa uchunguzi, miezi sita, mwaka. Wangapi watakufa wakisubiri? Fikiria wagonjwa, Mama. Wewe ndiye uliyetufundisha kuwafikiria kwanza.

Isitoshe nimeongea na watu wanaojua mambo ya Baraza. Mara nyingi linatoa onyo tu. Halafu kuna muuguzi mmoja wa hapa amewaandikia mambo ya ajabu, ati kuna maneno niliyasema siku ile nikimtibu mama. Usimtegemee, hana hata mwaka kazini.

Mwezi Agosti nitaifundisha mbinu hii ya matawi kwenye mkutano wa madaktari. Kwenye shukrani nitawataja wauguzi. Na nimekutafutia nafasi kwa rafiki yangu mwenye kliniki, mapokezi, kazi ya kukaa. Umri nao unakwenda, Mama, si vibaya kupumzika.

Tuwe na subira.

Daktari


Tarehe 10 Mei

Daktari,

Mapokezi.

Asante ya punda ni mateke, nilikuwa naijua, sasa nimeyahesabu. Namshukuru Mungu mama yako yu hai. Hilo halina "lakini" mbele yake.

Nimezisoma tena barua zako zote tatu za kabla ya mezani. Hata ulipokuwa unaapa hukuandika neno lenyewe. "Unachotaka nikiandike." Ulikuwa unamwomba Mungu akuokolee mama huku umeshaacha mlango wa nyuma wazi wa kutorokea. Mikono yako ni mizuri, Daktari, nilisema hivyo tangu mwanzo na sikukosea. Mengine yako yote nilikosea.

Usiniandikie tena.


Tarehe 1 Juni

Mdogo wangu, mama wa nyaya,

Salaam. Anayekuandikia ni mama yake daktari, fundi cherehani. Mwandiko wangu ni mbaya, na mikono siku hizi inatetemeka. Anwani nimeipata kwenye bahasha zako. Mwanangu anazitunza chini ya droo ya mashati, na mashati nayapiga pasi mimi.

Najua leseni yako imefutwa. Nilikuwepo. Nimekaa siku kumi na mbili nikitafuta namna ya kulisema hili, na namna haipo. Basi nalisema.

Siku ile niko mezani walinichoma dawa ya kutuliza, wakanifunika shuka la kijani, mkono wangu umefungwa kwenye ubao. Madaktari wanadhani mgonjwa akifumba macho na masikio yanafumba. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilisikia mashine inavyonguruma, nilisikia mtu akisema kiyoyozi kinadondosha maji. Nilimsikia mwanangu anavyohema.

Ikafika mahali pakakwama. Akajaribu, akajaribu. Akasema, "Nipe mgumu." Yule muuguzi mpya akasema, "Waya mgumu, Daktari?" Mwanangu hakuitika. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa nayo akiwa mtoto amevunja kitu: "Hapana. Mama Waya alinikataza siku ile ya mwalimu. Alinikataza, nikamlazimisha anipe, nikamuua mtu wa watu. Nipe laini." Akaendelea na laini, waya ukapita.

Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo. Sikuongeza hata nukta.

Nilipopona nilimuuliza. Nikamwambia, "Mwanangu, utamwandikia yule mama?" Akacheka, akasema, "Mama, ulikuwa umelewa dawa, uliota." Nikajiambia labda niliota kweli. Mdogo wangu, sikuota.

Yule muuguzi mpya alikuwa na moyo kuliko mimi. Aliliandikia Baraza aliyoyasikia. Baraza likaniita, maana mgonjwa wa siku ile ni mimi. Mwanangu hakuniambia niseme nini. Alinipeleka kwa gari, akanifungia mkanda, akaniuliza kama nimemeza vidonge vyangu. Basi. Wakaniuliza, "Mama, ulisikia nini?" Nilikuona umekaa mwisho wa benchi na sare niliyokushonea, umeipiga pasi, mshono wangu naujua hata kwa mbali. Nikamwangalia na yeye. Nikasema, "Nilikuwa nimelala. Sikusikia kitu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Kweli. Lakini na wewe una mama aliyekuzaa.

Uliponipita mlangoni ulinishika bega ukaniambia, "Usiache vidonge, dada." Ungenitukana ingekuwa nafuu. Yule muuguzi ameonekana mwongo, amehamishiwa stoo ya mashuka.

Jumapili iliyopita walikuja watu sebuleni kumpongeza kwa cheo. Wakamwuliza aliniponyaje. Akasimama, akawaeleza nyaya mbili, tawi kwanza, mkunjo mpana, taulo lenye maji. "Nilikaa nikaibuni mwenyewe," akasema, "kwa ajili ya mama yangu." Wakapiga makofi, wakageuka kuniangalia nitabasamu. Nikatabasamu. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya ndoo. Moyo alioufungua ulikuwa unadunda vizuri kabisa, na mimi nikauonea aibu.

Nimenyamaza mara mbili. Ya tatu siwezi. Nimesaini chini na nimeweka dole gumba, kwa wino wa kuwekea alama za nguo, ili mtu asiseme si mimi. Karani wa Baraza aliniambia rufaa ni ndani ya siku thelathini. Barua hii ni yako, ipeleke unakotaka. Wakinishtaki kwa kudanganya, wanishtaki. Mwanangu hatanisemesha tena, hilo nalijua, nimeshafungasha cherehani yangu nirudi kwangu.

Sikuombi msamaha. Ningekuwa wewe nisingenisamehe.

Mama yake daktari


Tarehe 9 Juni

Daktari,

Nilikwambia usiniandikie, sikusema mimi sitakuandikia.

Mama yako ameniandikia. Kurasa nne, pamoja na alama ya dole gumba. Usimgombeze kwa kufungua droo. Ukitaka siri ikae, usiiweke chini ya mashati yanayopigwa pasi na mtu mwingine.

Nimejua sasa ulisema nini pale mezani. Kwa hiyo ulikuwa unaujua ukweli, unaujua kwa herufi zake. Miezi yote hiyo nilikuwa najidanganya kwamba labda umesahau, labda uchovu, labda kweli kumbukumbu hazilingani. Nilikuwa nakutafutia udhuru, mimi, usiku na mchana. Ukweli ulikutoka mara moja tu, pale mama yako alipokuwa karibu kufa, na alipopona ukaumeza tena. Nakuonea huruma. Nakuchukia pia, na sijui kipi kinaanza asubuhi.

Nilikaa na barua ile siku mbili. Dada yangu akasema, ichome, utamvunja mama wa watu uzeeni. Nikafikiria kuichoma, sikufichi. Nikamkumbuka anavyonipima mabega kwa futi, pini mdomoni. Halafu nikamkumbuka mjane wa mwalimu. Mwaka mzima na nusu yule mama anaamini mumewe aliuawa na mzembe asiyejua nyaya. Analala na jina la muuaji mdomoni, na jina lenyewe si langu.

Mama yako nimemjibu jana. Nimemwambia vile vidonge viwili vya kuzuia damu isigande kwenye stenti asiache hata kimoja, hata akijisikia mzima, na akibanwa kifua asikusubiri wewe wala mimi, aende hospitali iliyo karibu. Nimemwambia pia kwamba nimemsamehe. Si kweli bado, lakini moyo wake hauhitaji mzigo, na mimi ni muuguzi, wafute wasifute.

Nimetengeneza bahasha mbili. Moja ya kamati ya rufaa, yenye barua yenyewe. Nyingine ina nakala yake, na ni ya mjane wa mwalimu.

Miaka kumi na tisa sikuwahi kumpa daktari waya kabla hajaitika. Nautaja, nasubiri, nasikia, ndipo mkono wangu unatoka. Jana nilisimama mbele ya dirisha la posta na bahasha zile, mazoea yakanishinda, nikasema kwa sauti, "Barua ya mama yako, Daktari?" Karani akainua uso, akadhani namuuliza yeye.

Nikampa zote mbili. Sikusubiri uitike.

Mama Waya